Simba wa Nasiba

Mtaani kwetu Kamembe, Rwanda, mwanamke akipigwa picha peke yake watu huuliza kama mumewe amekufa. Picha ya heshima inajulikana: mzee ameketi, mkewe amesimama nyuma, mkono juu ya kiti. Marehemu baba yake Nasiba alipiga picha za namna hiyo maisha yake yote, na alipofariki akawaachia wanawe wawili, Karim na Nasiba, studio yake ndogo karibu na soko. Karim hajui kushika kamera. Maneno ndiyo anayoyajua.

"Studio imekufa," alisema mwaka huu, kabla ya Ramadhani. "Kila muntu iko na telefone. Tufunge, tuweke depo ya simenti."

"Ngoja mpaka Idi," Nasiba akamjibu. "Batoto banachoka na maporomoko ya Papa. Banataka simba."

Maporomoko ni pazia la ukutani lililochorwa maji yanayoanguka, ambalo wateja husimama mbele yake. Lilikuwa limechakaa hata maji yake yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Nasiba alitaka jipya, lenye simba aliyempiga picha kwa mkono wake. Simba wa hifadhi ya Akagera huonekana kutoka kwenye gari, na gari hana. Basi akaamua kwenda Uganda, kwenye bustani ya wanyama, peke yake.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Mama yao alilia kabisa. "Mwanamuke hatembeake peke yake mu inchi ya bantu. Bantu batasema nini?"

"Batasema nilienda, Maman."

"Pori ya Nyungwe iko hapa," Karim akadakia. "Nyani bamejaa barabarani. Piga ile."

"Idi na nyani, Karim? Utasimama wewe kando yake."

Majirani nao wakamalizia: mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Mimi ninashona nguo mlango wa pili, na siku ile nilikasirika mpaka sindano ikavunjika. Wanawake wa Kamembe wanavuka mpaka kwenda Bukavu, Kongo, kila siku na mizigo kichwani, hakuna anayewalilia. Mmoja akibeba kamera, ghafla heshima imevunjika!

Nasiba akaenda. Yaliyompata huko alinisimulia mwenyewe.

Langoni mlinzi alichungulia nyuma yake. "Nyabo, kundi lako liko wapi?"

"Ni hili," akasema, akajigusa kifua, akaingia.

Baba yake alimfundisha kwamba hubonyezi kitufe mpaka macho yakutazame. Kwa hiyo wageni wengine walipiga kila kitu, mikia na migongo, wakasonga mbele, na yeye akabaki nyuma akimsubiri twiga ageuze uso. Twiga alipogeuka, Nasiba alimshukuru kama mteja. Simba ndiye aliyemshinda. Alikuwa amelala, kawapa watu mgongo, na jua lilipanda likaanza kushuka bila yeye kujigeuza.

"Mama, piga tu, simba ni simba," kiongozi mmoja wa watalii akamwambia.

"Mgongo hata ng'ombe wa kwetu anao."

Kisha akafanya kosa la watu wa studio. Mtoto asipotaka kutazama kamera, wao humtikisia funguo juu ya kioo cha kamera. Nasiba akatoa funguo zake, akazitikisa. Watu wakacheka. Lakini anayemlisha simba yule huja na funguo. Mnyama aliruka, akaja mbio hadi kwenye waya, akanguruma, na waliokuwa wakicheka wakakimbia. Nasiba anakiri aliogopa. Hakurudi nyuma. Macho yalikuwa yamemtazama, akabonyeza.

Mlinzi wa simba alimfokea kwa kumdanganya mnyama, na hilo lilimuuma kweli, maana simba alibaki akisubiri nyama ambayo haikuja. Aliomba radhi kwa wote wawili.

Siku ya Idi, baada ya swala, pazia jipya lenye simba yule likiwa limetundikwa ukutani, watoto wenye nguo mpya walipanga foleni hadi barabarani. Karim alikuja na mtu wa kupima sakafu kwa ajili ya simenti, wakashindwa hata kupita mlangoni. Yule mtu akakunja futi yake, akaondoka bila kuaga.

Ndipo mama yao akatokea. Tangu Nasiba arudi hakuwa amemsemesha, na foleni nzima iligeuka ikingoja ugomvi. Mama akapita katikati ya watoto, akaketi kwenye kiti mbele ya pazia jipya, akatengeneza mtandio wake, akainua kidevu. Karim akajua wajibu wake. Alivuta koti likanyooka, akaenda akasimama nyuma ya mama yake, akaweka mkono juu ya kiti.

Mama hakugeuka. Alikuwa akiitazama kamera.

"Karim, toka pale. Unamufunika simba."