Ngamia Kwenye Somo la Daraja

Niliwahi kumfundisha dada mmoja wa Marsabit ujenzi wa madaraja kwa kutumia ngamia. Tena nilijiona nimefanya la maana.

Tulijuana mtaa wa Karantina, Jeddah, kabla kafili, yaani mwajiri aliyenidhamini, hajanihamishia Riyadh kulinda jengo hapa Al-Suwaidi. Yeye alibaki kule na kazi za nyumbani. Mkataba wake ulikuwa unaisha, na chuo kimoja cha ufundi huko Kenya kilitaka kumhoji kwa simu kabla ya kumpa nafasi. Akikosa, anasaini tena na madam miaka miwili. Akanipigia.

"Kaka, wewe si ulisoma fizikia? Nieleze, maana wataniuliza, kwa nini nyaya za daraja la kuning'inia huachwa zilegee kidogo."

Nilisoma, ndiyo. Iliponiacha fizikia ni habari nyingine.

Kitabu chetu cha shule kilikuwa na daraja la Ulaya, na theluji juu. Nikajiambia, huyu ni mtoto wa nyika, apewe mambo ya kwao. Basi Ijumaa nzima niko kitandani, ninakopenda kuishi, kikombe cha chai kifuani, namweleza mzigo unavyofungwa mgongoni mwa ngamia. Nundu ikawa nguzo, kamba ikawa waya. Nilipofika mkiani, hata mimi sikujua mkia ni nini kwenye daraja.

Akanikatiza: "Kaka, kwetu tulikuwa na mbuzi na kioski. Ngamia nimemgusa mara ya kwanza huku Saudia, tukipiga picha na watoto wa madam."

Nikauliza kinyonge, "Sasa wewe kamba gani unaijua?"

"Ya kuanikia! Blanketi zikilowa ni nzito kama ng'ombe. Juzi nilivuta kamba ikanyooka kabisa, nikaanika, misumari ikang'oka ukutani. Madam akapiga kelele mpaka bandarini wakasikia. Siku hizi naiacha ibonyee, na misumari haing'oki."

"Halas, yatosha! Waeleze hivyo hivyo. Kamba ikinyooka sana, mzigo uleule unaivuta kwa nguvu zaidi."

Akawaeleza, akapata nafasi. Siku aliponipa habari hiyo nikagonga ukuta kwa furaha, kumwita jirani yangu, dereva wa Machakos, aliyekuwa amesikia somo zima kupitia ukuta huo huo. Nikamtangazia kwamba mwanafunzi wangu amepita.

"Amepitishwa na blanketi za madam," akajibu. "Wewe na ngamia wako nyamazeni, watu tulale."