Sura Aliyoikubali Hasina

Hasina alikuwa muuza dawa Kilindoni, na tangu utotoni alijulikana kwa kusoma. Alipokuwa shuleni Kanga alimaliza vitabu vyote vya kabati la Mwalimu Isdory, mtu wa bara aliyekuja kufundisha kisiwani Mafia akahamia moja kwa moja. Mwalimu alipostaafu na kuandika maisha yake kwa mkono, alimpelekea yeye madaftari matatu.

"Soma yote, kisha uniambie ukweli," alimwambia.

Hasina alifurahi kweli. Jioni alifungua daftari la kwanza. Hajamaliza ukurasa wa pili, simu ikalia, ujumbe umeingia. Akajibu, akaangalia video ya mapishi, kisha ya harusi ya watu asiowajua, kisha nyingine. Aliporudi kwenye daftari hakukumbuka alichosoma, akaanza upya. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Mwezi uliisha yuko ukurasa wa tisa.

Mwalimu akaja dukani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umeyamaliza?"

"Nimeyamaliza. Umeandika vizuri mno."

Mzee alitabasamu, kisha akapunguza sauti. "Na ile sura ya marehemu mama yako? Niliogopa itakuumiza. Niitoe?"

Hasina aligeukia rafu za dawa. Hakujua kama kuna sura ya mama yake.

"Iache tu, Mwalimu."

Mzee alimshukuru, akachukua madaftari, akaondoka.

Siku tatu Hasina hakuwa na raha. Mama yake alikuwa ameandikwa nini? Na yeye ameruhusu nini? Siku ya nne alipanda bodaboda hadi Kanga.

"Mwalimu, nilikudanganya," alisema akiwa bado mlangoni. "Sikufika hata ukurasa wa kumi."

Mwalimu Isdory hakumgombeza. Alilitafuta daftari la pili, akalifungua, akamkabidhi. "Kaa. Soma kwa sauti."

Hasina alisoma. Mara mbili macho yake yaliruka mstari, na mara zote mbili mzee alimrudisha. Iliandikwa kwamba Bi Mwanamkuu, mama yake, ambaye hakujua herufi hata moja, alikuwa akifika shuleni kwa siri kila wiki. Alimwomba Mwalimu amsimulie kitabu anachosoma bintiye, ili apate la kuzungumza naye wakipika.

Hasina alikumbuka maswali ya mama yake jikoni. Siku zote alidhani anauliza kwa kubahatisha, na mara nyingi alimjibu kwa mkato.

Alishindwa kuendelea. Mwalimu akamalizia sura mwenyewe, taratibu, huku Hasina amejifunika uso kwa ncha ya mtandio.

Alipoaga alipewa daftari la kwanza tu. Sasa husoma kurasa tatu kila alfajiri, na simu hulala kwa jirani yake Ummy. Siku nyingine hata hizo tatu humshinda. Akikutana na Mwalimu sokoni humwamkia huku akitazama chini, na mzee huitikia bila kumuuliza amefika wapi.