Mafuta ya Nazi kwenye Klachi

Mafuta ya klachi ya pikapu yangu yalipopungua, nilijazia mafuta ya nazi. Nilikuwa nyumbani Gombani, duka la vipuri limefungwa, na mimi ni mtu wa kujifanya najua. Mafuta ni mafuta, nilijisemea. Siku ya pili pedeli ikaanza kurudi kwa uvivu. Nikiikanyaga inazama, basi naingiza kidole gumba cha mguu chini yake na kuiinua. Nikazoea, hata nikawa najisifu.

Wiki ile ile, alfajiri, baba alifariki kwake Pujini. Dada yangu alikuwa njiani kwa boti kutoka Dar es Salaam kuja kumuuguza, na wazee wakakubali maziko yawe baada ya adhuhuri ili awahi. Kwetu wanawake hawaendi makaburini. Humuaga maiti nyumbani, na jeneza likishatoka ndiyo basi. Sikupita hata Pujini. Nilikwenda moja kwa moja bandarini Mkoani kumpokea.

Njiani kwenda Pujini, tulipofika Mtambile, pedeli ilizama na haikurudi. Niliivuta kwa mkono ikaja, lakini injini ilinguruma tu, gari haisogei. Gari ya abiria ikapunguza mwendo. Dada akasema tupande. Nikamwambia asubiri kidogo, natengeneza sasa hivi. Ikaja ya pili, nayo nikaipungia mkono iende zake, kwa kuwa nilishalala chini ya pikapu na niliona haya kushindwa. Mpaka leo najichukia kwa mkono ule.

Adhana ya adhuhuri ilitukuta pale pale.

Fundi wa pale Mtambile aliyeitiwa kwetu alifungua kikopo cha mafuta ya klachi, akanusa, akajua. Alinieleza bila kunikemea: ukiondoa mguu, springi ya klachi kule chini ndiyo inayoyasukuma mafuta yarudi juu, nayo yanaiinua pedeli. Mafuta ya nazi yamevimbisha mipira ya ndani, njia imeziba, klachi haiwezi kushika tena. Kisha akatutafutia gari ya jirani yake.

Tulifika Pujini wanaume wanarudi kutoka makaburini. Kitanda alichooshewa baba kilikuwa kimeegemezwa ukutani, bado kinachuruzika maji. Dada hakulia.

"Zilipita gari mbili, kaka," alisema. Kisha akaniuliza, "Hebu n'ambie, uso wake ulikuwaje?"

Nami sikuuona. Nilikuwa nimepanga nikamwangalie pamoja naye.