Pumzi ya Mpiga Ngoma

Radi alikuwa fundi makochi, lakini ujanani alipiga ngoma katika bendi ya roki iliyowakosesha wazazi wengi usingizi. Bendi ilipovunjika, kila mmoja alishika lake. Radi alishika nyundo. Mpiga gitaa wao, Nyuzi, ndiye pekee aliyeganda na muziki, na hata sasa, kichwa kikiwa cheupe kwa mvi, bado alijaza kumbi.

Asubuhi moja Nyuzi aliingia karakana, akaketi juu ya kochi ambalo halijavishwa kitambaa. Springi ikamchoma, akaruka.

"Ndugu yangu, natengeneza albamu," alisema akijipapasa. "Si roki ile ya zamani. Hata mimi sijui itakuwa kitu gani. Nimemwita mpiga fidla, nimemwita mama mmoja wa kwaya. Ila bila wewe sioni pa kuanzia."

Radi aliweka nyundo chini. Alivua aproni.

Kule studio kuta zilibandikwa sponji, naye akaibonyeza kwa kidole, mazoea ya kazi. Fundi wa sauti, dada mpole mwenye miwani, alimwekea maikrofoni karibu na mdomo.

"Ya nini hii, mwanangu? Mimi siimbi."

"Ni ya ziada tu, baba. Wewe piga."

Akapiga. Mwanzoni mikono ilikuwa mizito, kisha ikakumbuka, na shati likamnata mgongoni. Nyuma ya kioo Nyuzi alisimama amefumba macho. Radi alirudi nyumbani akapiga vijiko juu ya meza ya chakula, mkewe akacheka mpaka akakaa chini.

Albamu ilipokamilika, Nyuzi alimtumia kwenye simu. Radi aliwaita sebuleni mkewe na shemeji yake, akaongeza sauti hadi mwisho. Wimbo wa kwanza ulikuwa fidla tupu. Wa pili, yule mama wa kwaya akiguna kama anayebembeleza mtoto. Wa tatu, mtu alikuwa anahema.

"Nani huyu anapanda ngazi?" shemeji aliuliza.

Mkewe hakucheka. Pumzi ile alikuwa akilala ubavuni pake tangu aolewe. "Ni wewe, mume wangu," alisema taratibu.

Walisikiliza hadi mwisho. Hapakuwa na ngoma hata moja.

Radi alikwenda kwa Nyuzi akiwa ameyapanga maneno njia nzima. Nyuzi alimfungulia mlango, akamkumbatia kabla hajatoa hata salamu.

"Umeisikia? Kila anayeisikia ananiuliza habari zako!"

"Ngoma zangu ziko wapi, kaka?"

"Zilikuwa nzuri mno, zikanirudisha kule kule tulikotoka. Nikaziondoa. Nikabaki na wewe mwenyewe, nikalia machozi. Wallahi, sijawahi kurekodi kitu kizuri kama kile."

Macho yake yalikuwa yamelowa, na Radi aliona kwamba hadanganyi. Mtu anayekusifu hivi, ugomvi unauanzia wapi? Maneno yote aliyoyapanga aliyaacha. Akanywa chai aliyoletewa, akashukuru.

Siku ya uzinduzi walimwekea kiti katikati ya jukwaa, na maikrofoni mbele yake. Kwenye mazoezi ya mchana alivuta pumzi, akaitoa. Ilitoka pumzi ya mtu aliyekaa.

"Tena, baba," alisema dada wa sauti. "Kama siku ile."

"Siku ile nilikuwa napiga, mwanangu. Nipeni hata ngoma moja."

Dada alimtazama Nyuzi. Nyuzi alifikiri kidogo, kisha akamshika bega Radi. "Usijichoshe, ndugu yangu. Tutaweka ile iliyorekodiwa. Wewe kaa tu, watu wakuone."

Basi jioni akakaa. Taa zikammulika, spika zikahema kwa nguvu huku kifua chake kimetulia. Aliweka mikono juu ya magoti, akaiondoa, akairudisha. Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Hakujua kama ainame au anyanyuke, akabaki akitabasamu tu.

"Watu wamekupenda," mkewe alimwambia walipokuwa wanarudi.

"Sikufanya kitu."

"Nimeona."

Kule ukumbini, Nyuzi alikuwa ameshatangaza onyesho lingine Jumamosi inayofuata, na alipomuuliza mbele za watu kama atakuja, Radi aliitikia.