Nauli ya Kwenda Kwao

Mpaka leo nikimsikia mtu akisema "maskini, si arudi tu kwao," damu inanichemka. Neno hilo nimelisikia hapahapa Tanga, mtaani kwetu Ngamiani, likisemwa na watu wema, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Wangekuwa wabaya ningewatukana yakaisha.

Mzee mwenyewe alikuwa akilala kwenye baraza ya duka la rangi, mkabala na nyumba ya shangazi yangu ninamoishi. Alikuwa mkata mkonge. Alizaliwa kambini, kwenye shamba moja njia ya kwenda Maramba, na hukohuko akafanya kazi, akaoa, akamzika mkewe. Shamba lilipopata mwenyewe mpya kambi ikavunjwa, naye akaja mjini na jamvi na sufuria. Kila alfajiri aliifagia baraza ile, akakunja jamvi lake, akaenda sokoni kubeba mizigo myepesi. Hakuwa ombaomba. Alichokosa ni pahali pa kulala.

Masika yalikuwa yanakaribia, na baraza ile mvua ya upepo ikiipiga hulowa mpaka mlangoni. Nikamwendea shangazi. Uani kwetu kuna jiko la zamani, chumba kizima chenye paa na mlango, kimejaa mabati na vitanda vibovu visivyo na kazi. Nikamwambia tuvitoe, mzee ajihifadhi mle.

"Mwanangu," akasema, "mimi mjane, nimtie mwanamume uani kwangu, watu watasema nini? Na yule ana kwao. Mwenyewe kasema babake ni wa Kigoma. Tumsaidie afike kwao."

"Babake ndiye wa Kigoma, shangazi. Yeye hajapata hata kuiona."

"Watu wa damu yake watamjua."

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikamkumbusha kwamba babu yake alishuka hapa akitokea Omani, na sijaona mtu akituchangia nauli ya Muskati. Akaninunia vibaya sana. Chakula akawa ananipakulia bila kunitazama.

Kuchanga tunakujua sisi. Iwe harusi, iwe msiba, hatuna mpinzani. Mwenye duka la rangi akaanzisha mchango wa nauli, akina mama wa madrasa wakaongeza, na mama mmoja wa kwaya ya Kilutheri, jirani yetu, akaleta sweta na blanketi. Yeye ni mzaliwa wa Lushoto milimani, na kwa hesabu yake kokote kusiko na bahari ni baridi. Ghafla mtaa mzima ukampenda yule mzee, kwa kuwa sasa alikuwa anaondoka.

Siku ya safari shangazi alimfungia maandazi na samaki wa kukaanga, mzee akasomewa dua, akasindikizwa mpaka stendi. Nilimvuta pembeni nikamwuliza kama yeye mwenyewe anataka kwenda.

"Wamehangaika sana, mama," akanijibu. "Nitawaambiaje sitaki?"

Nilitaka kupiga kelele palepale stendi. Sikupiga. Basi likaondoka, nao wakarudi wamechangamka kama watu waliotoka harusini.

Haukupita muda, mwenye duka akaleta fundi, akaizungushia baraza yake nondo toka sakafuni mpaka darini. "Asije mwingine akapazoea," akaniambia bila haya. Nikamwuliza kama na hiyo ni sadaka. Akacheka, akadhani namtania.

Mvua zilikuwa zimeshaanza mzee aliporudi. Ilikuwa baada ya laasiri, wingu limetanda. Nilimwona kasimama mbele ya nondo zile, blanketi begani, anazitazama toka juu mpaka chini. Nikamwamkia shikamoo. Kabla hajamaliza kuitikia, watu walikuwa wameshajaa, na kumbe wamekasirika! Wao ndio waliokasirika. Mmoja akasema nauli yetu kaila huyu. Mwingine akasema ndiyo maana hawa hawasaidiki.

Shangazi akatoka, kanga kichwani. "Mzee wangu, tulikukosea nini?"

"Hamkunikosea, bibi. Nilifika. Nilifika mpaka kijiji alichokuwa akikitaja marehemu baba. Watu wema sana, wakanipokea, wakanilisha. Nikawatajia jina la baba, wakaulizana wee, hakuna anayemkumbuka. Basi wakaniuliza, wewe hasa kwenu wapi? Nikawaambia nimezaliwa Tanga."

"Ikawaje?"

"Wakanichangia nauli."

Nilimkazia macho shangazi, na sikuona huruma yoyote kumkazia. Nilitaka ayasikie yale maneno mpaka mwisho.

Mwenye duka akakohoa, akasema mzee apewe chai kwanza. Chai ikaletwa, mkate ukaletwa. Mama wa kwaya akamwambia sweta limemkaa vizuri. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kumpa, na yeye alipokea kila kitu, akashukuru, macho yake yakirudi kwenye zile nondo. Kisha matone ya kwanza yakaanguka na wote wakakimbilia makwao, kila mtu na mlango wake. Mwenye duka alikuwa wa kwanza.

Tukabaki sisi watatu. Shangazi akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Sasa atalala wapi?"

Kama vile mimi ndiye niliyemficha jibu. Niliingia uani nikaanza kutoa mabati kwenye lile jiko, peke yangu, nikiyabwaga chini moja moja kwa kishindo, makusudi, mtaa mzima unisikie. Mvua ikanilowesha, kutu ikanichafua gauni, na hasira haikupungua hata kidogo. Shangazi hakunizuia. Kunisaidia pia hakunisaidia.

Nilipofikia vitanda alikuja akasimama mlangoni, mzee nyuma yake.

"Mwambie basi," akasema, "ni mpaka mvua zikatike. Halafu tutaona namna ya kumrudisha kwao."

"Ahsante, bibi," mzee akajibu upesi, kabla sijapata kufungua mdomo.