Kadi Iliyopimwa Ikiwa Baridi

Kisasi changu nilikipanga wiki nzima, na sioni haya kusema hivyo.

Ninaediti video za harusi hapa Bariadi. Video ya sendofu moja ya Mwamapalala, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, ilitoka na vibokisi vya kijani na zambarau, vikamfunika uso bibi yake binti wakati anambariki mjukuu. Video inatoka, bibi mwenyewe alikuwa ameshazikwa. Mama wa binti akaniambia mbele ya majirani zangu kwamba kazi siijui.

Nikarudi dukani nilikonunua kadi ya grafiksi ya mtumba, ile inayochora picha kwenye kompyuta. Mwenye duka akacheka.

“Dada, si nilikupimia hapahapa ikawaka? Umeiunguza mwenyewe. Wanawake na kompyuta wapi na wapi!”

Wateja wakacheka naye. Kicheko kile nililala nacho.

Nilibadili waya, nikabadili skrini, nikapiga Windows upya, vibokisi palepale. Nikachomoa kadi, kompyuta ikatumia grafiksi yake yenyewe: picha safi. Nikairudisha, nikaendesha programu ya kupima memori ya kadi, ile inayoandika namba kila sehemu kisha inazisoma tena. Dakika kumi za mwanzo, hakuna kosa. Kadi ilipopata moto, makosa yakamwagika, na kila nikirudia ni sehemu ileile. Memori ilikuwa mbovu. Yeye aliipima ikiwa baridi, dakika tano basi.

Nikasubiri siku duka limejaa. Nikaenda na kompyuta nzima, pamoja na yule mama wa Mwamapalala ili ajionee. Nikaiwasha ile programu, dakika tano zikapita.

“Si unaona? Nzima.”

“Tulia, kaka,” nikamwambia, nikaagiza soda.

Soda ilipofika nusu, skrini ikajaa mistari myekundu ya makosa. Nikamsomea mmoja mmoja, kwa sauti. Alipotaka kuzima nikamshika mkono.

“Mwambie huyu mama kosa ni la nani.”

“La kadi yangu,” akasema, macho chini. Sijawahi kunywa soda tamu vile.

Yule mama alikuwa ananiangalia mimi.

“Haya, mwanangu, kumbe ni kadi. Sasa zile picha zenyewe ulizopiga na kamera ziko wapi? Si nitamwona mama yangu humo?”

Duka zima likanigeukia. Nilikuwa nimezifuta siku ileile niliyomaliza kuediti, kamera ipate nafasi ya harusi ya Malampaka. Kabla ya kufuta niliikagua video niliyoediti, dakika tano za mwanzo tu.