Kata ya Maji ya Mwanakombo

Nakumbuka asubuhi ya Siku ya Mwaka, mwaka mpya wa Waswahili, mwanangu, hapa Gazi, miaka ya hamsini, nilipokuwa msichana wa miaka kumi na minne. Siku hiyo watu walioga baharini, kisha marafiki wakamwagiana maji njiani. Aliyemwagiwa hakununa: alirudisha maji, wakacheka, na ugomvi wa mwaka mzima ukaisha. Desturi hiyo ilitoka wapi? Wengine walisema ililetwa na Washirazi, wengine kwamba ni ya mababu, naye mwalimu wetu wa chuo cha Kurani akasema haimo katika dini. Sikuelewa wakati ule, na leo sielewi.

Mama yangu alikuwa amefariki, hata arubaini haijatimia. Nilikaa kizingitini nimejitanda leso yake. Shoga yangu Mwanakombo akaja na kata ya maji, akanimwagia, leso ikarowa chepechepe.

"Mwaka huo, shoga! Nirudishie basi, au mkono umekufa ganzi?"

"Huna haya! Mamangu yumo kaburini, nawe waja kunifanyia mchezo? Nenda zako!"

Aligeuka, kata mkononi. Kisha akaondoka.

Bibi mzaa mama alikuwa akikuna nazi. Hakuinua uso. "Wangapi wamekumwagia leo?"

"Yeye tu."

"Wengine wamekupita kama wapitao kaburi. Yeye ameona ungali hai. Chota maji, umfuate kabla jua halijasimama utosini."

Nilichota. Nikafika mlangoni kwao, nikasikia vicheko ndani, nikaona haya, nikayamwaga maji mchangani. Hasira hasara, mwanangu, lakini haya nayo hula watu.

Kabla ya Mwaka mwingine aliolewa Kikoneni. Tangu hapo tuliamkiana harusini na matangani kwa adabu nyingi, kama wageni. Juzi tumemzika. Je, alikuwa akinifanyia mzaha, au akinitoa msibani? Sikumuuliza, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Basi nasaha yangu ni hii. Rafiki akikukosea, au ukidhani amekukosea, muulize siku hiyo hiyo. Wala usingoje uelewe ndipo umrudishie maji, mrudishie kwanza. Maji yakimwagika hayazoleki, nami yangu niliyamwaga mwenyewe, mlangoni pake.

Mola akujaalie rafiki wa kukurowesha, mwanangu, na akupe mkono mwepesi wa kumrudishia. Amin.